Wikendi ya kempu Naivasha: jinsi ya kucheza jiokashingi na kundi lako

Kama mmepanga kwenda kempu wikendi na mnajua fika kwamba ikigonga saa tano asubuhi ya Jumamosi nusu ya watu watakuwa wamejilaza kwenye tenti na nusu nyingine wanazunguka na simu juu wakitafuta netiwaki, basi bebeni jiokashingi. Kwa asiyeijua, ni mchezo wa kutafuta makopo kwa GPS. Mtu anaficha kopo lenye kidaftari ndani, anatangaza namba za mahali lilipo, wewe unalisaka, ukilipata unaandika jina na tarehe halafu unalirudisha palepale. Ulianzia Marekani. Tarehe 2 Mei 2000 serikali yao iliacha kuvuruga mawimbi ya GPS ya raia, na kesho yake tu jamaa anaitwa Dave Ulmer akaenda akaacha ndoo msituni huko Oregon, ndani kuna vitabu, manati, hadi mkebe wa maharagwe, akazitupia namba zake intaneti watu wakaenda kuitafuta. Leo makopo yamepita milioni 3 duniani.

Sasa huku kwetu yapo lakini yametawanyika, usitegemee kukuta kumi yamezunguka kempu yako. Ushauri wangu ni huu: tafuteni moja au mawili ya rasmi njiani mkienda, yale mengine mfichiane wenyewe. Na kusema kweli hiyo ya kufichiana ndio tamu zaidi, manake unamjua mfichaji na unajua ujanja wake.

Ya rasmi utayaona kwenye tovuti ya mchezo huu, geocaching.com, akaunti ya bure inatosha kuanza ingawa kuna makopo yanayoonekana kwa wanaolipia tu. Kila kopo lina alama mbili za kuanzia 1 hadi 5, moja ni ugumu wa kulipata, ya pili ni ugumu wa njia. Kwa mara ya kwanza chagua 1.5 kushuka chini, ukiona 5 kwenye njia jua hapo pengine panatakiwa kamba au boti, achana napo. Halafu soma walioandika majuzi, kama watu watatu wa mwisho wote wameandika hawakulipata, hilo kopo huenda lilishaondoka zamani, usipoteze asubuhi yako.

Kabla ya kutoka nyumbani daunlodi ramani. GPS yenyewe haili bando hata kidogo, simu inapokea tu mawimbi ya setilaiti, kinachotaka data ni ile picha ya ramani, kwa hiyo ukiwa na programu za ramani kama Organic Maps au OsmAnd ulizozijaza nyumbani kwa waifai utacheza hadi mahali hakuna netiwaki kabisa. Mwenye Android aweke na c:geo, programu ya kusakia makopo, ni ya bure na inahifadhi makopo oflaini. Pawabenki ni lazima, mchezo huu unakula chaji vibaya sana.

Namba ndizo zinawachanganya watu wengi. Jiokashingi inaandika digrii na dakika zenye nukta, mfano S 00° 50.637 E 036° 22.456 (hizi za mfano tu, usiende kuchimba huko). Ukitaka kuiingiza kwenye ramani za kawaida, chukua dakika gawanya kwa 60: 50.637 inakuwa 0.84395, na kwa sababu tuko kusini unatanguliza alama ya kutoa, -0.84395. Kuna mtu ataruka hiyo hesabu na kuandika 0.50637 moja kwa moja, huyo atakuwa kama kilomita 40 mbali na wenzake. Na atakayesahau hiyo S akaweka N, ramani itamvusha ikweta hadi upande wa Baringo, zaidi ya kilomita 180 kutoka kempu, mkimpigia simu anawaambia eti amekaribia. Kitu kizuri cha kukaa karibu na ikweta ni kwamba tarakimu ya mwisho ya dakika ni kama mita 1.85 pande zote, kaskazini-kusini na mashariki-magharibi, hivyo ukiona umebakisha 003 kwenye skrini hesabu mita tano na nusu hivi basi.

Hapo ndipo simu inaishia. Kwenye uwazi itakufikisha mita tatu hadi tano, chini ya miti hata kumi, na mshale utaanza kuzunguka kama umelewa. Usiufuate. Simama tuli kidogo, uangalie mshale umeelekea wapi, kisha nenda mita kumi na tano hivi pembeni, rudi kutoka upande mwingine, uangalie tena. Pale mistari miwili inapokatana ndipo pa kutafuta, afu weka simu mfukoni. Sasa tumia macho: vijiti vilivyolazwa sambamba (mti haudondoshi vijiti kwa mpango), jiwe ambalo upande wa juu una udongo mbichi maana yake limegeuzwa, nyasi kavu zimesokotwa kwenye pango la mgunga wakati chini yake hakuna nyasi. Na usiingize mkono kwenye tundu usiloliona ndani, tumia kijiti kwanza, nyoka na nge nao wanapenda sehemu hizohizo za kufichia makopo.

Kwa makopo yenu, kopo la Blue Band au la siagi ya karanga linafaa, ila lisuguliwe hadi harufu iishe kabisa kwa sababu nyani na tumbili wa Naivasha hawahitaji GPS. Ndani hakuna chakula, hata peremende moja. Weka kidaftari kwenye kimfuko kisichopitisha maji, na penseli badala ya kalamu, penseli inaandika hata karatasi ikiwa na unyevu. Vizawadi vidogo vidogo sawa, kanuni ni ukichukua kitu unaacha cha thamani ileile au zaidi. Kama una chombo kinachoonyesha ndani tumia hicho, na ukiandike kwa nje kwamba ni mchezo, afu mwambieni askari wa kempu mapema, kikopo kisichojulikana kimefichwa kwenye ua wa watu kinaweza kuleta taharuki ya bure. Mkiwa kwenye kempu ya mtu binafsi ombeni ruhusa. Msifukie chini, hata mchezo rasmi unakataza kuchimba bila ruhusa ya mwenye ardhi.

Mfichaji akipima namba asipime mara moja akaondoka. Aache simu itulie juu ya kopo, aandike, azunguke, arudi apime tena, achukue wastani. Mfichaji mvivu anaharibu mchezo wa watu wote.

Sasa chalenji zenyewe. Kopo la kwanza liwe rahisi, watu wazoee. La pili liwe la hatua: namba zinakupeleka kwenye kibao au ngazi, unahesabu misumari au vidato, hesabu hiyo inakamilisha namba za hatua inayofuata. La tatu ndilo ninalolipenda, vitendawili. Unawapa S 00° 50.ABC, halafu: A ni idadi ya herufi za jibu la "Kuku wangu katagia miibani", B ni "Nyumba yangu haina mlango", C ni "Mzungu katoka Ulaya mkono kiunoni". Nanasi, yai, kikombe, yaani 6, 3, 7. Wape na jumla ya tarakimu, 16, ili wajihakiki kabla ya kutembea, la sivyo kuna timu itang'ang'ania kwamba jibu la pili ni kaburi na mtawatafuta hadi jioni. Wazee na watoto hapa wanawashinda vijana wa simu kali, changanyeni timu.

Mkiingia Hell's Gate, mbuga iliyo karibu na Naivasha, msiache kopo humo, ile ni hifadhi ya KWS (Shirika la Wanyamapori Kenya). Humo chezeni mchezo wa maswali bila kopo: unafika kwa miguu au baiskeli, unajibu unachokiona. Fischer's Tower ni masalia ya volkano, mwamba ulioganda kwenye koo lake, basi uliza rangi yake, uliza nyufa zake zimesimama au zimelala, kila timu ipige picha. Ila msiweke kituo chochote ndani ya korongo la Ol Njorowa. Kwanza kuta ndefu zinadanganya GPS, na pili, mvua ikinyesha mbali huko juu maji yanakuja ghafla huku kwenu jua linawaka, mwaka 2012 na 2019 wageni walikufa humo kwa mafuriko ya namna hiyo.

Usiku kuna mchezo wa kubandika vipande vya riflekta kwenye miti, mkifuata kwa tochi vinawaka kimoja baada ya kingine hadi kwenye kopo. Mtamu kweli, lakini ndani ya uzio wa kempu tu, kando ya ziwa viboko wanatoka kula majani giza likiingia na kiboko hakwepeki kwa mbio.

Jumapili kabla ya kukunja tenti kila aliyeficha aende akatoe kopo lake mwenyewe na riflekta zote. Msije mkashawishika kuliacha moja mkalisajili mtandaoni, wanaosimamia wanataka mwenye kopo awe anaweza kurudi kulikagua, na wewe unakaa Nairobi, kila likilowa nani atatoka kwenda kubadilisha kidaftari?