Kabla ya Kutembea Shimla: Mambo ya Kuzingatia

Shimla imejengwa juu ya mgongo wa mlima, mita 2,200 hivi kutoka usawa wa bahari, katika jimbo la Himachal Pradesh kaskazini mwa India. Karibu kila jengo la kihistoria utakalopelekwa kuliona liko juu au chini ya pale uliposimama, na magari ya kawaida hayaruhusiwi kupita Mall Road wala uwanja wa Ridge. Kwa hiyo maandalizi yanaanza miguuni. Chukua raba ulizokwisha kuzizoea, zenye soli inayoshika, kwa sababu njia za mawe huteleza hata baada ya manyunyu tu. Kutoka Ridge hadi kasri la zamani la magavana wakuu wa Uingereza ni takriban kilomita 4, na sehemu kubwa ya njia haina mwinuko mkali. Ngazi za kushuka soko la Lower Bazaar ndizo zinazochosha magoti, na kilima cha Jakhu, kinachokaribia mita 2,450, hukata pumzi hata ya kijana. Aliyezoea Dar es Salaam au Mombasa atahisi tofauti hiyo kuliko mkazi wa Nairobi. Ukifika, pumzika siku ya kwanza, kisha utembee kesho yake asubuhi. Kama unasafiri na wazazi, ipo lifti ya kulipia inayopandisha watu kutoka Cart Road, barabara ya magari iliyo chini, hadi Mall Road. Muulize mwongozaji mapema kama njia yake inapita hapo.

Hati moja isisahaulike. India inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wasafiri wanaotoka Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, na cheti hicho huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa. Ukichanja siku mbili kabla ya ndege, umechelewa.

Kuhusu majira, mimi ningechagua Oktoba au Novemba mapema: anga huwa safi na vilele vyenye theluji vinaonekana kwa mbali. Machi hadi Mei nako kuzuri. Juni mji hufurika watu wanaokimbia joto la Delhi, na ni vema ujue kwamba maji ni shida ya kweli pale. Katika Mei na Juni 2018 mabomba ya mitaa mingi yalikauka kwa siku kadhaa, wakazi wakapanga foleni na ndoo. Oga haraka, na usiache bomba wazi. Julai hadi katikati ya Septemba ni masika mazito ya kule, na hapo nasema wazi: ahirisha. Agosti 2023 mteremko wa Summer Hill uliporomoka na kufukia hekalu lenye waumini ndani, na reli ikaharibika. Mwongozaji anayekuhakikishia kwamba mvua si kitu hakutakii mema. Desemba hadi Februari theluji huanguka. Njoo na koti zito, skafu na soksi za sufu, ukijua kwamba siku nyingine matembezi yatafutwa.

Jambo linalohitaji fikra zaidi ni kumchagua mwongozaji. Omba aliyesajiliwa na idara ya utalii ya jimbo, aonyeshe kitambulisho, na mkubaliane bei, muda na vituo kabla ya kuanza. Wengi huongoza kwa Kihindi au Kiingereza. Kisha muulize swali hili: utanionyesha nini cha watu walioujenga na kuubeba mji huu? Nalisisitiza kwa sababu matembezi mengi husimulia habari za Waingereza peke yao. Utaonyeshwa kanisa la Christ Church lililowekwa wakfu 1857, ukumbi wa Gaiety uliofunguliwa 1887, na nyumba ambamo Indira Gandhi wa India na Zulfikar Ali Bhutto wa Pakistan walitia saini mkataba wa Julai 1972. Yote yanastahili kuonwa. Lakini kuanzia 1864, Shimla ilipofanywa makao makuu ya kiangazi ya utawala wa Waingereza nchini India, serikali nzima ilihama kila mwaka kutoka Calcutta, zaidi ya kilomita 1,500, pamoja na majalada, vyombo na piano zake. Mizigo hiyo ilipandishwa mlimani na wapagazi na wanyama, kwani treni ilifika mwaka 1903 tu. Wapagazi bado wapo, wengi wao kutoka Kashmir, wakipandisha mitungi ya gesi na majokofu mgongoni kwa sababu gari haliwezi kupita. Wapishe njia upande wa ukutani. Usiwapige picha bila kuomba, na akikataa yaishe.

Kwa hiyo hakikisha Lower Bazaar imo katika njia yenu. Huko ndiko kwenye maduka ya viungo, washonaji, na nyumba zilizopandana hadi unatembea juu ya paa la mtu. Omba pia uonyeshwe ukuta wa dhajji: fremu ya mbao zilizokatizana, nafasi zake zikajazwa mawe na udongo, kama nyumba za miti na udongo za pwani yetu. Ujenzi huu hutikisika bila kuvunjika upesi, jambo la maana katika eneo ambako tetemeko la Kangra la 1905 liliua watu karibu 20,000.

Reli yenyewe ina undugu nasi. Njia nyembamba ya Kalka hadi Shimla, kilomita 96 zenye mahandaki zaidi ya 100, ilianza kujengwa 1898, wakati ambapo maelfu ya vibarua na mafundi, wengi wao kutoka Punjab, walikuwa wakitandika reli kutoka Mombasa kuelekea Ziwa Victoria. Shimla wakati huo ilikuwa makao ya kiangazi ya serikali ya Punjab pia. Kata tiketi mapema, maana viti ni vichache, na tenga saa tano au sita za safari. UNESCO iliiingiza reli hiyo katika urithi wa dunia mwaka 2008.

Kasri la magavana, lililokamilika 1888, sasa ni taasisi ya utafiti wa elimu ya juu. Ndani unaongozwa na mtu wa taasisi, si mwongozaji wako, na unaona vyumba vichache tu bila kupiga picha. Jumatatu hufungwa, hivyo panga siku nyingine. Kabla ya kuingia soma kidogo juu ya mkutano wa 1945, ambapo Lord Wavell, gavana mkuu wa wakati huo, na viongozi wa India walishindwa kuafikiana. Bila hilo utaona mbao nzuri za ukutani tu.

Nyani wa Shimla, hasa Jakhu, huchukuliwa kwa uzito na wenyeji. Hunyakua miwani, simu na mfuko wowote unaonukia chakula. Vua miwani kama unaweza kuona bila hiyo, funga begi, usile njiani, usiwakodolee macho. Ukiumwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Hospitali kuu ya Indira Gandhi iko mjini, upande wa Lakkar Bazaar. Hakikisha bima yako ya safari inagharamia chanjo hizo.

Mengine ni madogo. Kuvuta sigara hadharani kumekatazwa, mifuko ya plastiki pia, kwa hiyo beba chupa yako ya maji na mfuko wa kitambaa. Hekaluni viatu huvuliwa, na sakafu ni baridi hata Aprili. Wenyeji hulipana kwa simu, mfumo ambao mgeni huenda asiweze kuutumia, basi tembea na noti ndogo za rupia za kulipia chai, kiingilio na bakshishi. Na mwambie mwongozaji tangu mwanzo kama unahitaji kusimama mara kwa mara kupumzika au kuswali, ili apange vituo ipasavyo.