Mbizi ya pumzi moja Matema: anza na masikio

Ukishuka Ziwa Nyasa pale Matema, usingoje masikio yaume. Bana pua, sukuma hewa taratibu kuelekea masikioni tangu nusu mita ya kwanza, kisha rudia kila mita. Yakigoma, panda juu. Kulazimisha kunaweza kupasua ngoma ya sikio. Miwani iwe ya kufunika pua. Ile ya kuogelea huwezi kuipulizia hewa, itakufyonza macho.

Kabla ya kuzama usihemeheme haraka: oksijeni haiongezeki kwa maana, ila kabonidayoksaidi inayokusukuma kuvuta pumzi inapungua, na unazimia bila onyo. Mwenzako abaki juu akikutazama, hadi sekunde 30 baada ya wewe kuibuka. Kichocho kipo ziwani, kwa hiyo kapime baadaye.