Una mtoto wa kunyonya na umepata kazi ya filamu? Jipange hivi

Kabla hujaanza kuwaza mtoto utamwacha na nani, omba ratiba ya shutingi. Najua wengi tunaanzia kwa dada wa kazi au kwa bibi yake mtoto, ila hao utapanga nao nini wakati hujui ni siku ngapi, sini za usiku ni zipi, lokesheni ni Bagamoyo au ni hapohapo Sinza? Mpigie meneja wa prodakshen, mwambie una mtoto ananyonya na unataka ratiba yote hata kama haijakaa sawa. Alafu weka alama sini zako za usiku, za nje ya mji, na zile siku unaitwa saa 11 alfajiri ila sini yako inapigwa saa 9 mchana, hizo ndo zinatumaliza wamama, unakaa na mekapu usoni unasubiri huku maziwa yamejaa kifuani. Siku kama hizo omba uitwe baadae, au sini zako zipigwe mfululizo.

Na usione aibu kuomba. Ratiba ya filamu inapangwa kwa kuangalia jua, jenereta, nyumba ya kukodi, msanii mkubwa ana shoo Mwanza, sasa mtoto wako kwa nini asiingie humo? Hata tamasha la Cannes kule Ufaransa lilianzisha mpango wa wazazi wanaokuja na watoto, tangu 2019. Ukisema mapema panapangika, ukisema asubuhi ya shutingi inakuwa kesi.

Sasa mkataba. Kama umeajiriwa, labda kituo cha tv au redio, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ya hapa Tanzania inakupa likizo ya uzazi yenye malipo siku 84, mapacha siku 100, na unatakiwa kumpa mwajiri taarifa angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya kujifungua ukiwa na cheti cha daktari. Ukirudi una haki ya kunyonyesha mpaka masaa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Hili la usiku wengi hawalijui: ndani ya miezi 2 kabla ya kujifungua hutakiwi kupangwa kazi za usiku, na usiku kisheria ni saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Baada ya kujifungua pia miezi 2, na daktari akiandika bado hujawa fiti, zuio linaendelea. Kwaiyo wewe wa taarifa ya habari ya usiku, sema.

Lakini wengi wetu kwenye filamu hatujaajiriwa, tunalipwa kwa kazi, leo kwa huyu kesho kwa yule, na hapo hizo siku 84 hakuna wa kukulipa. Ndo maana unachotaka lazima ukiandikishe mwenyewe: muda wa kukamua maziwa kila baada ya masaa 3, chumba chenye mlango unaofungwa, kazi inaisha saa ngapi, na mkilala nje ya Dar nani analipa nauli na chakula cha mlezi. Hakuna mkataba? Andika WhatsApp, prodyuza ajibu kwa maandishi. Mwenye bajeti ndogo hatakupa vyote, na mimi ningeng'ang'ania chumba na saa ya kumaliza kabla hata ya kuongezewa hela.

Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa kama masaa 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, na Dar mwezi wa kwanza tunazidi hapo, kwaiyo usiyaache mezani. Nunua deli dogo, weka barafu iliyoganda vizuri, humo yanafika masaa 24, na kwenye friji siku 4. Andika tarehe na saa kwenye kila chupa. Na soda za kruu zisiingie kwenye hilo deli, kila mtu atalifungua na barafu itayeyuka. Anza kukamua mapema kabla ya shutingi, mtoto azoee kunyweshwa kwa kikombe na huyohuyo atakaebaki nae.

Dada wa kazi mwambie ukweli, kwamba shutingi ya kuisha saa 12 jioni inaweza kufika saa 4 usiku, na siku hizo muongezee hela. Awe na mtu wa pili wa kumpokea, jirani au shangazi, maana nae anaumwa. Kwenye seti simu yako itakuwa imezimwa sauti, so mpe namba ya mtu ambae haingii kwenye kamera, mimi huwa natumia mtu wa wadrobu, yule wa nguo za wasanii, yeye anajua mtoto akipata homa nifuatwe hata katikati ya sini. Kumleta mtoto seti sipendi, kuna vumbi, nyaya na jenereta, labda lokesheni ya nyumba yenye chumba cha mbali.

Kati ya filamu na filamu tafuta kazi za masaa yanayotabirika: kuediti, kuandika skripti, kuingiza sauti tamthilia za nje. Na malipo yakiingia kata kidogo upeleke NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, wanapokea hata waliojiajiri, nenda kaulize mafao ya uzazi yana masharti gani kabla hujabeba mimba nyingine.