Kutafuta maandishi ya Lamu mtandaoni: hatua kwa hatua

Haya nayaandika baada ya kukaa na binti mmoja wa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, anayesoma uzamili. Mada yake ni mtepe, chombo cha baharini cha Wabajuni kilichoshonwa kwa kamba za kumbi bila msumari hata mmoja. Aliniambia hakuna kilichoandikwa. Kimeandikwa tele, ila hakipatikani kwa kuuliza mara moja.

Hatua ya 1. Fungua Google Scholar, yaani Google ya makala za kitaalamu, uingie kwa akaunti yako.

Hatua ya 2. Tahajia. Hapa msiharakishe. Mashine hizi za kutafutia zimezoea lugha zinazobadilisha neno mwishoni. Kiswahili hulibadilisha mwanzoni. Ukiandika mtepe, usitegemee ikuletee mitepe. Yaandike yote mawili na kuyaunganisha kwa OR ya herufi kubwa: mtepe OR mitepe. Ongeza mtepes, maana wako waandishi wa Kiingereza waliobandika s yao. Tungo nazo hivyo hivyo: sisi twasema utendi, vitabu vya shule vyasema utenzi, na wingi ni tendi na tenzi. Hayo ni maneno manne ya kutafuta kitu kimoja.

Majina ya miji ni balaa zaidi. Siyu utaikuta Siu, Pate utaikuta Patta, Lamu ni Lamo au Amu, na Malindi kwa Wareno ni Melinde. Wajerumani, waliokuwa na himaya yao Witu kuanzia 1885 hadi 1890, waliandika Suaheli. Usipoliandika neno hilo, mengi waliyoyaandika zama hizo yatakupita.

Sasa, ukishapanua nyavu, takataka nazo huingia. Pate kwa Wazungu ni ini la kusaga la kupaka mkate. Siu ni jina la ukoo la Wachina. Lifunge jina kwa jirani yake: "Pate Island" ndani ya alama za mtajo, au Siu pamoja na Lamu. Kwenye Google ya kawaida, Lamu itakumwagia hoteli na habari za bandari mpya, kwa hiyo toa usiyoyataka: Lamu mtepe -hotel -port. Alama ya kutoa iguse neno, kusiwe na nafasi katikati. Lakini usiitumie ovyo: ukitoa port umetoa pia kila makala inayotaja bandari ya zamani, na mtepe ulitia nanga wapi kama si bandarini? Tafuta mara ya kwanza ukiwa umetoa, mara ya pili bila kutoa.

Kila tahajia mpya unayokutana nayo iandike daftarini. Daftari la karatasi, lenye safu mbili. Vijana watapinga, lakini simu ikizimika daftari halizimiki.

Hatua ya 3. Ukipata makala moja nzuri, ifuate mbele. James Hornell aliandika kuhusu mtepe na dau la Lamu mwaka 1941. Chini ya jina la makala yake bofya "Cited by" uone waliomtaja baadaye. Kuna kisanduku cha kuweka tiki ili utafute ndani ya hao peke yao, kitumie.

Hatua ya 4. Usilipe kwanza. Bofya "All versions", kisha weka Unpaywall, kiongezi kinachokutafutia nakala ya bure iliyo halali, kwenye Chrome au Firefox. Ikishindikana, mwandikie mwandishi kwa adabu umwombe nakala.

Hatua ya 5. Zotero, programu ya kutunzia marejeo. Sitaki kusikia programu nyingine: hii ni bure na msimbo wake uko wazi. Nafasi ya bure kwenye seva yao ni MB 300, na vitabu vilivyopigwa skani huijaza upesi. PDF zako ziweke kwenye laptopu, marejeo tu ndiyo yapande mtandaoni.

Hatua ya 6. Mitandao ya kijamii. Mengi ya mitepe hayamo kwenye PDF yoyote, yamo vichwani mwa wazee, na siku hizi wazee wamo WhatsApp. Usiingie kundini na dodoso. Andika hivi: "Assalamu alaykum wazee wangu. Mimi ni mwanafunzi, naandika kuhusu mtepe. Naomba kuuliza: tanga lake lilisukwa kwa ukindu au kwa nini? Na je, mtaniruhusu kuyanukuu majibu yenu?" Swali moja tu, dogo, linalojibika kwa sauti ya nusu dakika. Mzee akituma picha ya hati ya kwao, hiyo ni amana. Haiendi X wala Facebook mpaka wenyewe waseme.

Ukurasa wa wazi uhifadhi kwenye Wayback Machine, ghala la mtandaoni la nakala za kurasa, siku hiyo hiyo, maana kesho huenda umefutwa. Facebook mara nyingi haishikiki huko, basi piga picha ya skrini yenye tarehe. Ya WhatsApp yabaki kwako: andika siku, nani alisema, na jina lake kama mwenyewe anavyoliandika.