Namna ya Kusoma Lebo ya Godoro Kabla ya Kulilipia

Nimekata sponji na kushona magodoro kwa miaka mingi, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Fundi, godoro hili ni zuri?" Siwezi kulijibu mpaka nijue lebo imeandikwa nini, na mara nyingi lebo imejaa maneno makubwa ambayo hayapimiki kwa mizani wala kwa futi. Mwongozo huu unafuata utaratibu ninaoufuata mwenyewe ninaposimama mbele ya godoro nisilolijua. Chukua kalamu, karatasi na futi ya kupimia, kisha ufuate hatua hizi kwa mpangilio wake, kwa kuwa kila hatua inaitegemea iliyotangulia.

Hatua ya 1: Tenga maneno yenye namba na yasiyo na namba

Gawa karatasi katika safu mbili. Upande mmoja andika kila neno la lebo linaloambatana na kipimo, kama vile kilo, sentimita, milimita au miaka ya waranti. Upande wa pili andika yaliyobaki: "la kifahari", "la hoteli", "la tiba", "la othopediki". Safu hii ya pili isikushawishi kutoa hata senti moja.

Neno "othopediki" linastahili kuelezwa zaidi, kwa sababu ndilo linalowaumiza wanunuzi wengi, hasa wenye maumivu ya mgongo. Hakuna kipimo cha kimataifa ambacho godoro hulazimika kukifikia ndipo liitwe hivyo. Kwa desturi ya biashara, neno hilo limekuja kumaanisha godoro gumu tu, kutokana na imani ya zamani kwamba mgongo unaouma unahitaji kulazwa juu ya kitu kigumu. Utafiti uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2003, uliofanywa nchini Hispania kwa watu wazima 313 wenye maumivu sugu ya sehemu ya chini ya mgongo, ulionyesha kwamba waliolalia magodoro ya ugumu wa wastani walipata nafuu kuliko waliolalia magodoro magumu. Mwenye maumivu asinunue ugumu kwa sababu tu umepewa jina la kitabibu.

Maneno "laini", "wastani" na "gumu" nayo hayana kipimo cha pamoja, hata pale yanapoandikwa kwa namba za kuanzia 1 hadi 10. Namba 6 ya mtengenezaji mmoja inaweza kuwa sawa na 8 ya mwenzake, kwa hiyo zitumie kulinganisha magodoro ya kiwanda kimoja tu.

Hatua ya 2: Usichanganye densiti na ugumu

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie, kwa maana karibu makosa yote ya ununuzi wa godoro la sponji huzaliwa hapa. Densiti ni uzito wa sponji katika ujazo fulani, na hupimwa kwa kilo katika mita moja ya ujazo. Ugumu ni nguvu inayohitajika kuibonyeza sponji. Ni vitu viwili tofauti: sponji inaweza kuwa nzito na laini, na inaweza kuwa nyepesi na ngumu, kwa sababu kiwanda huamua ugumu kwa kubadili mchanganyiko wa kemikali, si kwa kuongeza uzito peke yake.

Ugumu unakueleza utakavyojisikia usiku wa kwanza. Densiti inakueleza godoro litakavyokuwa baada ya miaka mitatu. Sponji nyepesi ina kuta nyembamba katika vitundu vyake, na kuta hizo huvunjika kwa kukandamizwa kila usiku mahali pale pale, yaani chini ya nyonga na mabega, hadi bonde linapotokea. Nikiwa bado mwanafunzi wa kazi hii nilimchagulia jamaa yangu godoro kwa kulibonyeza kwa kiganja tu. Lilikuwa gumu kama ubao, nami nikaamini ni imara. Kabla ya mwaka kuisha lilikuwa limezama katikati kiasi kwamba yeye na mkewe walijikuta wakiteremkia katikati kila usiku. Tangu hapo sikuchagua tena godoro kwa kiganja.

Kwa sponji ya kawaida ya poliyurethani, mimi sishauri mtu mzima alalie kila siku godoro ambalo tabaka lake kuu lina densiti chini ya 25, na kwa mtu mwenye mwili mkubwa napenda ifike 30 au zaidi. Lebo ikitumia ratili katika futi moja ya ujazo, zidisha namba hiyo kwa 16 ili upate kilo katika mita ya ujazo.

Ukikuta namba ya ugumu iliyopimwa maabara, uliza imepimwaje. Bamba la duara lenye kipenyo cha sentimita 20 hivi hukandamizwa juu ya sponji, na nguvu iliyotumika huandikwa. Katika kipimo cha kimataifa cha ISO 2439, namba inayotajwa sana ni ile ya sponji kubonyea asilimia 40, nayo huandikwa kwa nyutoni. Marekani wamezoea asilimia 25, nao huandika kwa ratili. Kwa hiyo sponji ile ile inaweza kubeba namba mbili zisizofanana kabisa. Wauzaji wachache hutoa pia uwiano wa nguvu ya kubonyeza asilimia 65 na ile ya asilimia 25. Uwiano ukizidi 2, maana yake sponji hupokea mwili kwa ulaini juu lakini hukataa kuzama zaidi chini, na hiyo ndiyo maana hasa ya godoro "kubeba mwili".

Hatua ya 3: Peleka maneno ya muuzaji kwenye mizani

Densiti ina uzuri huu, kwamba unaweza kuihakiki mwenyewe. Tuseme godoro ni la sponji tupu, lina upana wa sentimita 180, urefu wa 200 na unene wa 20, na muuzaji anasema densiti yake ni 30. Badili vipimo viwe mita, kisha uzidishe: 1.8 mara 2 mara 0.2 ni mita za ujazo 0.72. Zidisha kwa 30, utapata kilo 21.6. Sasa liweke godoro kwenye mizani, uondoe kilo moja au mbili za kitambaa, uone kinachobaki. Ikibaki kilo 14, gawanya kwa 0.72, na densiti ya kweli haifiki hata 20. Nimeona mnunuzi akifanya hesabu hii kwenye simu yake mbele ya muuzaji, na mazungumzo ya bei yakabadilika papo hapo.

Zipo tahadhari mbili. Hesabu hii haifai kwa godoro la springi, kwa sababu chuma huharibu uwiano wote. Pia uzito unaweza kuongezwa kwa hila: baadhi ya viwanda huchanganya unga wa madini, kama kalsiamu kaboneti, ili sponji iwe nzito bila kuwa imara. Ukiruhusiwa kufungua zipu, sugua pembe ya sponji kwa vidole. Ikipukutika au ikiacha unga mkononi, usiiamini mizani.

Hatua ya 4: Jua kilichomo ndani

Baada ya sponji ya kawaida, utakutana na sponji ya mnepo wa juu, ambayo vitundu vyake havilingani kwa ukubwa na hurudi haraka ikibonyezwa. Kwa kitanda cha kila siku ndiyo ninayoipenda zaidi katika jamii ya sponji, mradi densiti yake iwe angalau 35.

Memori fomu, au sponji ya kumbukumbu, ilianzia katika utafiti wa shirika la NASA la Marekani mwaka 1966, ilipotafutwa njia ya kuboresha matakia ya viti vya ndege. Ukiibonyeza kwa kiganja na kuondoa mkono, alama ya vidole hubaki kwa sekunde kadhaa kabla ya kufutika polepole. Hulainika kwa joto la mwili na hukakamaa kwenye baridi, kwa hiyo ukiijaribu katika duka lenye kiyoyozi kikali itaonekana ngumu kuliko itakavyokuwa chumbani kwako. Densiti yake isomwe kwa kiwango chake yenyewe: 50 ndiyo mwanzo wa kuridhisha, na nzuri hufika 80. Isitoshe, memori fomu huwa ni tabaka la juu tu. Lebo inayosema "godoro la memori fomu" inaweza kuwa na sentimita 3 za kitu hicho juu ya sentimita 17 za sponji ya kawaida. Uliza unene wa kila tabaka na densiti ya kila tabaka.

Lateksi hutokana na utomvu wa mti wa mpira, au hutengenezwa kiwandani kwa mafuta ya petroli, au huwa mchanganyiko wa vyote viwili, na neno "asilia" bila asilimia halikuelezi ni ipi. Kwa njia ya Dunlop, utomvu uliopigwa povu humiminwa katika kalibu na kuokwa, na chembe nzito hutuama, hivyo upande wa chini huwa mgumu kidogo kuliko wa juu. Kwa njia ya Talalay, povu hutanuliwa kwa kuvuta hewa na kugandishwa kwa baridi kabla ya kuokwa, na matokeo yake ni laini na yanayolingana zaidi. Zote mbili hudumu.

Sponji ya mabaki ni vipande vilivyosagwa na kugandishwa kwa gundi. Densiti yake inaweza kupita 80, jambo linalowachanganya wengi, kwa maana uzito huo unatokana na kushindiliwa. Inafaa kuwa tabaka la chini, haifai kulaliwa moja kwa moja. Usumba uliopakwa mpira ni mgumu na hupitisha hewa vizuri. Sufi na pamba hushikana mabonge kadiri zinavyotumika, kwa hiyo huhitaji kuanikwa juani na kuchambuliwa mara kwa mara.

Hatua ya 5: Soma springi kwa aina na unene wa waya, si kwa idadi

Springi zilizofungamanishwa zina umbo la kiuno, pana juu na chini, nyembamba katikati, na zimeunganishwa kwa waya ili zifanye kazi pamoja. Mmoja akigeuka, mwenzake anasikia. Springi za mifuko, zilizobuniwa na James Marshall huko Kanada karibu na mwaka 1900, hufungwa kila moja katika mfuko wake wa kitambaa na kubonyea peke yake. Kwa watu wawili wanaolala saa tofauti, tofauti hii inazidi mambo mengine yote yaliyoandikwa kwenye lebo.

Unene wa waya huandikwa kwa geji, na geji husomwa kinyume: namba ikipanda, waya unapungua. Geji 13 ni takriban milimita 2.3, na geji 15 ni takriban 1.8. Tofauti ya nusu milimita inaonekana ndogo, lakini ugumu wa springi hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo cha waya, kwa hiyo springi mbili zilizosokotwa sawasawa kwa waya hizo hupishana ugumu kwa zaidi ya mara mbili na nusu.

Idadi ya springi inalinganishwa tu kati ya magodoro ya ukubwa mmoja na aina moja. Baadhi ya watengenezaji huweka tabaka la springi ndogo juu ya zile kubwa na kujumlisha zote, na namba ikawa kubwa bila mwili kubebwa vizuri zaidi. Kama lebo imeandika "mseto", maana yake springi ziko chini na sponji au lateksi iko juu. Soma kila sehemu kwa hatua yake.

Hatua ya 6: Kitambaa, vyeti na ukubwa

Kitambaa cha juu hupimwa kwa gramu katika mita moja ya mraba, na kikishonwa pamoja na sponji nyembamba huongeza ulaini wa dukani ambao hubonyea mapema. Godoro lenye mto wa kushonewa juu halipinduliwi, kwa hiyo bonde likitokea huna upande wa pili. Vyeti kama OEKO-TEX Standard 100 na CertiPUR vinahusu kemikali zenye madhara. Havihakikishi kwamba godoro zima litadumu.

Majina ya ukubwa yasikushughulishe. Godoro linaloitwa "la mfalme" ni sentimita 150 kwa 200 Uingereza, lakini Marekani ni 193 kwa 203. Pima ndani ya fremu ya kitanda chako na ununue kwa sentimita.

Hatua ya 7: Lilalie

Vua viatu, ulale kwa namna unayolala usingizini, ukae hivyo dakika kumi bila kugeuka. Ukilala chali, mtu mwingine apitishe kiganja chini ya kiuno chako: kikipita bila kugusa kitu, godoro ni gumu mno kwako, kikikwama kabisa, umezama. Ukilala ubavu, bega lisikie nafasi ya kuingia.

Hatua ya 8: Soma waranti kabla ya kulipa

Tafuta sentensi inayotaja kina cha bonde kinachokubaliwa kuwa kasoro. Waranti ya miaka 10 inayodai bonde la sentimita 4 inaweza kukusaidia kidogo kuliko ya miaka 5 inayodai sentimita 2, kwa kuwa mgongo huanza kulalamika mapema. Angalia pia sharti la kitanda: waranti nyingi hufutwa kama chaga zimeachana mno, na mimi nashauri pengo lisizidi sentimita 7. Doa la maji au la mkojo nalo hutosha kuifuta, kwa hiyo vika godoro kava isiyopenyeza maji tangu siku ya kwanza.

Ukitaka kupima bonde baadaye, ondoa shuka, vuta uzi ukaze kutoka ukingo hadi ukingo, kisha usimamishe rula kutoka sehemu iliyozama hadi kwenye uzi bila kuikandamiza sponji. Piga picha ya rula hiyo, pamoja na lebo na stakabadhi ulizozipiga picha siku ya ununuzi, kwa sababu wino wa lebo hufifia na ushahidi wako hupotea pamoja nao.