Ukienda Carnivore usishibie mkate

Watu wengi wakienda Carnivore, ule mgahawa wa nyama choma pale Langata Road Nairobi, mara ya kwanza wanarudi wanakwambia mamba hata sikumwonja, alipofika nilikuwa nishashiba. Inaniuma kweli, maana mamba na mbuni ndo umewafuata, kuku si yuko kila kona?

Sasa iko hivi, unalipa bei moja unakula mpaka useme basi. Ukikaa tu unaletewa supu na mkate wa moto, na hapo mezani kuna sinia la kuzunguka la ghorofa mbili limejaa saladi na sosi, we mkate onja kipande tu uache. Mawaita wanapita na nyama zimechomekwa kwenye sime za Kimasai, anakukatia hapohapo kwenye sahani, na soseji na mabawa ya kuku vinapita sana kwa hiyo usione haya kukataa. Mwambie weita wako mapema kabisa, "kaka mi nasubiri mamba na mbuni, nianzie hao", wala hawakasiriki.

Mamba ana nyama nyeupe, iko katikati ya kuku na samaki, ikipoa inakaza kwa hiyo uile ikiwa ya moto, usianze kupiga picha. Mbuni ni nyekundu kama ya ng'ombe ila haina mafuta kabisa, na unaweza kuletewa kama mipira ya nyama. Halafu kende za ng'ombe, jamani jaribuni, ni laini kuliko maini. Kila nyama ina sosi yake, muulize weita ipi inaenda na ipi, usizichanganye tu.

Mezani kuna kibendera, kikisimama nyama zinaendelea kuja, ukikilaza maana yake umesalimu amri, wanaleta vitamu na kahawa. Ukitaka kupumzika kidogo mwambie tu weita, bendera iache isimame.

Wazee watakwambia walikula pundamilia pale na ni kweli, walifungua 1980 na nyamapori ilikuwepo mpaka serikali ilipopiga marufuku kuiuza 2004, hawa mamba na mbuni wa sasa ni wa kufugwa. Kwa hiyo popote Kenya mtu akikunong'oneza kwamba ana twiga au swala, ondoka, huo ni ujangili na hiyo nyama hakuna daktari aliyeipima.

Kwa Waislamu, ulizeni kabla ya kukaa kwa sababu nguruwe naye anachomwa humo, na mamba kwa madhehebu ya Shafi haliwi, mbuni akichinjwa vizuri hana neno.

Na kile kinywaji wanachopitisha mezani kinachoitwa "dawa" ni vodka, ndimu, asali na barafu, tamu sana inateleza kama juisi, kama ni wewe unaendesha agiza isiyo na pombe.