Somo: Namna ya Kubuni Manowari Kuu Yenye Kasi kwa Jeshi la Majini la Uingereza, Mwaka 1942

Mwezi Aprili 1942, Admirali James Somerville alilazimika kuligawa Kundi la Meli za Vita za Mashariki la Uingereza katika vikosi viwili, kwa sababu meli zake hazikuweza kwenda pamoja. Manowari kuu nne, yaani meli za vita za mizinga mikubwa, za daraja la R (daraja ni kundi la meli za muundo mmoja) hazikuweza kuzidi fundo 21 au 22, yaani maili za baharini kwa saa, ilhali manowari zake za kubeba ndege zilifikia fundo 30. Upande wa pili, Wajapani walileta manowari kuu nne za daraja la Kongo zilizoweza kuandamana na manowari zao za kubeba ndege popote. Baada ya mashambulizi ya Ceylon (Sri Lanka ya leo), zile nne za polepole zilirudishwa Kilindini, Mombasa. Tubuni basi, kwenye karatasi, meli ambayo Somerville angeihitaji mwezi ule.

Hatua ya kwanza: iandikie meli kazi yake. Kazi yetu ni kuzisindikiza manowari za kubeba ndege kwa fundo 30, na kutoka Kilindini hadi Colombo na kurudi, takriban maili za baharini 5,000, bila kuomba mafuta njiani. Mbunifu asiyeandika sentensi hii kwanza ataishia kuchora mizinga mizuri juu ya meli isiyofika vitani.

Hatua ya pili: nunua kasi kwa urefu kabla ya kuinunua kwa mitambo. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea, kwa hiyo tukae kidogo. Kwa makadirio, nguvu inayohitajika hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi. Manowari ya Marekani ya daraja la South Dakota ilikuwa na tani 35,000, urefu wa mita 207 na nguvu za farasi 130,000, nayo ilikwenda fundo 27.5. Ukitaka fundo 33, kasi inakuwa mara 1.2, na nguvu zinakuwa mara 1.728, yaani farasi 224,640, hata kabla hujaongeza uzito wowote. Lakini daraja la Iowa, lililokuwa zito zaidi kwa tani 10,000, lilifikia fundo 33 kwa farasi 212,000. Siri ni urefu wake wa mita 270. Meli inayokwenda fundo 30 hutengeneza wimbi lenye urefu wa mita 153 hivi, na kadiri wimbi hilo linavyokaribia urefu wa meli yenyewe, ndivyo meli inavyozidi kupanda mlima wa maji iliouinua kwa mkono wake.

Kwa hiyo natoa mita 250. Upana nauweka karibu mita 33, kwa sababu malango ya mfereji wa Panama wakati ule yalikuwa na upana wa mita 33.5 na sioni faida ya kuifungia meli njia hiyo. Kina ndani ya maji kiwe mita 10.5. Zidisha vipimo hivyo vitatu, kisha zidisha kwa 0.58, kwa kuwa meli si sanduku bali imechongoka mbele na nyuma, halafu kwa 1.025 ambao ni uzito wa maji ya bahari: tunapata tani 51,500 hivi ikiwa imejaa. Tukitoa tani 5,000 za mafuta na tani 1,500 za maji na akiba nyingine, zinabaki tani 45,000 za kugawana.

Hatua ya tatu: mizinga. Nachagua mizinga tisa ya milimita 406, mitatu mitatu katika tureti tatu, yaani nyumba zinazozunguka zilizofunikwa kwa deraya, chuma kinene cha kinga. Ndivyo ilivyokusudiwa kwa daraja la Lion la Uingereza, ambalo misingi yake iliwekwa mwaka 1939 na ujenzi ukasimamishwa na vita. Silaha zote nazipa tani 7,400.

Hatua ya nne: deraya, ambayo ndiyo inayokula meli. Hatuwezi kufunika meli nzima. Tunafunika ngome ya katikati yenye maghala ya baruti na mitambo, na sehemu nyingine tunaziacha na chuma chembamba. Chukua ngome ya mita 140. Ukanda wa ubavuni wenye unene wa milimita 350 na kimo cha mita 7, pande zote mbili, una uzito wa tani 5,385. Sitaha ya milimita 150 juu yake ina tani 5,440. Jumla ni tani 10,825, na kila mita 10 utakazoirefusha ngome hiyo zitakugharimu tani 770 nyingine. Nazipa tureti, mashina yake (minara ya deraya inayozibeba) na kuta za mwisho wa ngome tani 5,375, ili deraya yote iwe tani 16,200. Mwili wa meli unapata tani 14,400, mitambo 3,400, na vifaa na mabaharia tani 3,600 zilizobaki.

Hatua ya tano: mitambo. Farasi 140,000 kwenye shafti nne, yaani vyuma virefu vinavyozungusha rafadha, zatosha. La muhimu zaidi ni mpangilio: vyumba vya boila na vya turbini vipishane, ili topido moja isizime kila kitu. Tarehe 10 Desemba 1941, karibu na Malaya, topido iliipiga manowari kuu ya Uingereza Prince of Wales penye shafti ya nje upande wa kushoto; shafti iliendelea kuzunguka ikiwa imepinda, ikararua kuta ilizopitia, na maji yakaingia hadi ndani kabisa. Umeme wa sehemu kubwa ya meli ukakatika, na pamoja nao mizinga mingi ya kutungulia ndege. Kwa hiyo shafti za nje zitenganishwe mbali na za ndani, na jenereta za dizeli ziwekwe mbali na vyumba vya boila.

Hatua ya sita: omo, yaani sehemu ya mbele ya meli. Iinue. Daraja la King George V la Uingereza lilipewa omo ya chini ili tureti ya mbele iweze kufyatua moja kwa moja mbele, nayo ikawa inakunywa maji kila bahari ikichafuka. Sharti hilo silikubali.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Kwa nini tusitumie mizinga ya zamani iliyokuwa ghalani, kama walivyofanya kwa manowari kuu ya Uingereza HMS Vanguard?*

Marahaba. Hoja yako ni nzuri, kwa sababu tureti ndizo zilizochukua muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Vanguard ilichukua tureti nne za mizinga miwili miwili ya milimita 381 zilizotolewa kwenye meli za Courageous na Glorious. Hata hivyo tureti nne huirefusha ngome, na bei ya kila mita 10 umeiona. Tena mizinga minane ya aina hiyo hutupa kilo 7,000 kwa mkupuo mmoja, ilhali tisa yetu hutupa karibu kilo 9,700. Ningekuwa na vita mlangoni, ningechukua za ghalani. Hata hivyo Vanguard yenyewe ilikamilika mwaka 1946.

*Ikipata jeraha chini ya maji, ingetengenezwa Kilindini?*

Hapana, pale hapakuwa na gudi, yaani bwawa la kutengenezea meli linaloweza kukaushwa, ya kuipokea. Gudi kubwa ya Singapore ilikuwa imeangukia mikononi mwa Wajapani Februari 1942. Ingebidi ikokotwe hadi Durban, kwenye gudi ya Prince Edward, ambayo ina urefu wa zaidi ya mita 350.

*Ndugu, kwa nini usiifikishe fundo 33 kama Iowa?*

Kwa sababu zile ilizopangiwa kuzisindikiza zenyewe huenda fundo 30. Fundo tatu za ziada zingeomba mita 20 za mwili na farasi 70,000 hivi, na tani za kulipia nyongeza hizo ningezitoa kwenye deraya ya sitaha, mahali ambapo mabomu huangukia.